Mishipa mitatu imeziba: uzibuliwe upi leo, na mingine lini?

"Shikamoo sista. Daktari anasema baba ana mishipa mitatu ya moyo iliyoziba. Amezibua mmoja tu. Tumwambie amalizie na mingine, au ndiyo basi?"

Simu za namna hii nazipokea sana, nyingi usiku. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hapa Mwanza hadi nilipostaafu. Sasa nipo Kirumba na shughuli zangu ndogondogo, lakini namba yangu imeshafika kwa ndugu wa majirani wa ndugu. Nimeona niandike mara moja, ili siku ukiwa wewe umekaa kwenye benchi la korido ujue uulize nini na ukubali nini.

Kwanza elewa kwamba hapo kuna maamuzi mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la dharura, la dakika. Daktari ndiye mwamuzi, na kazi yako ni kutochelewesha. La pili lina nafasi, la siku au wiki kadhaa, na hilo ndilo familia inapaswa kulikalia na kuuliza maswali. Mimi naita mshipa wa leo na mishipa ya baadaye.

Mshipa wa leo

Moyo unalishwa na mishipa mikubwa mitatu, miwili upande wa kushoto na mmoja wa kulia. Katika lile shambulio la moyo ambalo karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha mstari umepanda, mara nyingi ni mshipa mmoja uliozibwa ghafla na damu iliyoganda. Huo ndio unaoua sasa hivi. Mingine inayotajwa baadaye ilikuwa imeanza kuwa myembamba miaka mingi kabla ya usiku huo, mtu akipanda ngazi na kubeba magunia yake. Karibu nusu ya wagonjwa wa shambulio la aina hii hukutwa na mshipa wa pili au wa tatu ulio katika hali hiyo, kwa hiyo ukiambiwa "mitatu" usidhani mgonjwa wako ni kioja.

Mshipa wa leo unafunguliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu dogo: waya unapita mkononi au pajani hadi kwenye moyo, puto linapanua palipoziba, na stenti, kijibomba cha waya cha kuushikilia mshipa uwe wazi, inawekwa. Hii ndiyo bora, ikiwa inaweza kufanyika ndani ya saa mbili tangu ECG isomwe. Ikiwa haiwezekani, basi ni sindano ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, itolewe upesi, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Saa tatu za mwanzo ndizo inazofanya kazi vizuri zaidi.

Sasa piga hesabu ya kwetu. Kwa barabara Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ndege ni kama saa moja na nusu angani, lakini weka barua ya rufaa, tiketi, muuguzi wa kusindikiza, mtungi wa oksijeni na foleni ya kwenda uwanjani. Saa mbili zimeisha hujafika hata mlangoni mwa ndege. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa kanda hii ni: "Mtambo wa tundu dogo ulio karibu uko wapi, unafanya kazi sasa hivi, na daktari wake yupo?" Jibu likiwa hapana, au likichelewa, swali la pili ni: "Dawa ya kuyeyusha ipo hapa?" Usikubali mgonjwa asafirishwe bila dawa hiyo kwa sababu tu "watampa huko mbele", isipokuwa daktari akuambie ana kizuizi. Vizuizi vipo: aliwahi kuvuja damu kwenye ubongo, amepata kiharusi hivi karibuni, amefanyiwa upasuaji mkubwa juzi, ana kidonda kinachotoa damu. Kama wiki iliyopita alianguka na bodaboda akajigonga kichwa, sema. Kumficha daktari hapo ni hatari kuliko aibu yoyote.

Wa Sengerema na Geita tangu 2025 wana daraja la Kigongo–Busisi, hawasubiri tena kivuko na mgonjwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Wa Ukerewe bado wana maji mbele yao, na kwao dawa kutolewa mapema ni muhimu maradufu.

Kaka yangu anauza dagaa pale Mwaloni. Alipata uzito kifuani, jasho jembamba, na maumivu yanayopanda kwenye taya. Zahanati moja ikampa dawa za vidonda vya tumbo na kumwambia akapumzike. Wifi yangu ndiye aliyekataa. Alimpakia kwenye bajaji, akafika hospitali kubwa na kusema maneno matatu: "Mpimeni ECG sasa." Akatafunishwa aspirini, akawekewa dawa ya kuyeyusha. Ujifunze hayo maneno matatu ya wifi.

Baada ya sindano, ECG inarudiwa dakika 60 hadi 90 baadaye. Ule mstari uliopanda ukiwa haujashuka angalau nusu, dawa imeshindwa, na safari ya kwenda kwenye mtambo ni ya haraka kweli. Ukishuka na maumivu yakipungua, mgonjwa bado aende, ikiwezekana apigwe picha ya mishipa kati ya saa 2 na saa 24 baada ya sindano. Hapa ndipo wengi hupumzika mapema. Maumivu yameisha, mgonjwa anaomba uji, ndugu wanasema Mungu mkubwa, turudi nyumbani. Dawa imeyeyusha bonge la damu tu. Ule uchafu ulioubana mshipa upo palepale.

Mishipa ya baadaye

Haya, mgonjwa amefika, picha imepigwa, mshipa wa leo umewekewa stenti. Daktari anatoka na kusema kuna mingine miwili. Ufanye nini?

Zamani madaktari wengi waliiacha mpaka ilete dalili. Zilizoibadilisha fikra hiyo ni tafiti kadhaa, na kubwa kuliko zote inaitwa COMPLETE, iliyotoka 2019. Wagonjwa 4,041 katika nchi 31, wote wameshazibuliwa mshipa wa leo. Nusu yao wakazibuliwa na mingine, nusu wakabaki na dawa peke yake. Kwa muda wa kama miaka mitatu, waliokufa kwa ugonjwa wa moyo au kupata shambulio jingine walikuwa asilimia 7.8 kwa waliomaliziwa yote, na asilimia 10.5 kwa walioachwa.

Zisome hizo namba kwa pande zote mbili, maana huwa zinatumiwa kutisha watu. Upande mmoja, faida ipo, na ilitokana hasa na kupungua kwa mashambulio mapya. Vifo peke yake havikutofautiana sana. Upande wa pili, hata wale ambao hawakumaliziwa, karibu tisa kati ya kumi hawakupatwa na lolote kati ya hayo mawili kwa miaka hiyo mitatu, kwa sababu walikuwa wanameza dawa. Kwa hiyo familia isiyo na uwezo wa stenti ya pili haijamhukumu mzee kifo. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakiuza kiwanja kwa hofu ndani ya siku moja, kwa bei ya kutupa.

Lakini uwezo ukiwepo, au bima ikiwepo, msimamo wangu ni kumalizia. Swali linalobaki ni lini.

Njia ni tatu. Palepale mezani usiku uleule. Siku chache baadaye kabla hajaruhusiwa. Au arudi baada ya wiki kadhaa, isizidi siku 45. COMPLETE ilionyesha kwamba faida haikutofautiana kati ya kumaliziwa ukiwa bado wodini na kurudi baada ya wiki. Utafiti mwingine, MULTISTARS AMI wa 2023, wenye wagonjwa 840, ulionyesha kwamba kwa mgonjwa aliyetulia, kumaliza yote palepale hakukuwa kubaya kuliko kumsubirisha wiki. Maana yake una uhuru wa kuchagua, na uhuru huo uutumie kwa kuangalia maisha ya mgonjwa wako.

Kwa mgonjwa wa kutoka Mwanza, mimi huchagua ile ya katikati: siku chache baadaye, akiwa bado amelazwa, kabla hajapanda ndege ya kurudi. Za palepale usiku zina ubaya wake. Dawa ya rangi inayoonyesha mishipa kwenye picha inachosha figo, na wingi wake unaongezeka kila mshipa unapoguswa. Saa ya shambulio mishipa hujibana, hivyo njia inaweza kuonekana nyembamba kuliko ilivyo. Na daktari wa saa tisa za usiku ni binadamu.

Za kurudi baada ya wiki sita, kwa watu wa ziwani, zina ubaya mwingine: hawarudi. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji, mahali pa kulala Dar, kibali cha bima upya, na juu ya yote mgonjwa mwenyewe amenenepa kidogo na anajisikia mzima. Kaka aliposikia "turudi baada ya mwezi", jambo la kwanza aliloniuliza ni kama atakuwa amewahi giza. Wasio wa huku waelewe: dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na mfanyabiashara wa Mwaloni anapanga mwaka wake kwa mwezi wa angani. Ungemwachia aondoke, tarehe ya hospitali ingeliwa na giza kila mwezi. Tukamwomba daktari amalizie kabla ya kuondoka, akakubali bila shida, kwa sababu figo zake zilikuwa nzuri.

Mahali ambapo jibu ni "acha kwanza"

Mgonjwa akiwa kwenye mshituko kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu, yaani presha imeporomoka, mikono baridi, anaongea mambo yasiyoeleweka, hakojoi, hapo usimsukume daktari amalize yote. Hili nataka ulisome polepole, kwa sababu moyo wa ndugu husema kinyume: yuko mahututi, basi zibueni kila kitu! Utafiti wa CULPRIT-SHOCK wa 2017 ulichukua wagonjwa 706 wa hali hiyo hasa. Ndani ya siku 30, waliokufa au kuharibikiwa figo hadi kuwekwa kwenye mashine walikuwa asilimia 45.9 kwa waliozibuliwa mshipa wa leo peke yake, na asilimia 55.4 kwa waliozibuliwa yote kwa mkupuo. Daktari akikuambia "tumefungua mmoja, tunamwacha apumue", hajakufanyia nusu kazi. Mingine itaangaliwa akishatulia.

Figo nazo. Omba kuambiwa kiwango cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla na baada ya mara ya kwanza. Ikiwa imepanda, siku chache za kusubiri na kumpa maji ya kutosha kwa maelekezo ya daktari zina thamani kuliko haraka. Kama anatumia metfomini kwa ajili ya sukari, mkumbushe daktari.

Kuna mshipa ulioziba kabisa zamani, labda miaka mingi, na moyo umejitengenezea vichochoro pembeni. Huo ni kazi nyingine kabisa, inahitaji fundi wake na vifaa vyake, na si lazima uingizwe kwenye hesabu ya "kumaliza yote".

Halafu kuna ile mishipa ya kati kwa kati, iliyobanwa asilimia 50 au 60. Picha peke yake haitoshi. Ni sawa na kukisia kina cha ziwa ukiwa umesimama ufukweni mbele ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza. Upo waya mwembamba wa kupima msukumo wa damu kabla na baada ya pale palipobana; ukipata 0.80 au chini, damu haipiti ya kutosha, ukipata juu ya hapo mara nyingi dawa zinatosha. Mshipa wa kulia wa kaka ulisomwa asilimia 60 kwa macho. Ulipopimwa, ukaachwa. Ile "mitatu" iliyotutoa machozi koridoni ikaishia kuwa stenti mbili. Kwa hiyo ukisikia asilimia iliyo chini ya 70, uliza: "Mmeupima msukumo, au mmeutazama tu?" Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Umri wenyewe si kizuizi. Utafiti wa FIRE, 2023, ulihusu watu wa miaka 75 na kuendelea, 1,445, na waliomaliziwa mishipa iliyothibitishwa kwa kipimo walikuwa na hali nzuri zaidi mwaka mmoja baadaye. Sentensi ya "huyu ni mzee, mwacheni na dawa zake" ninaikubali kwa mzee asiyetoka kitandani. Kwa bibi anayelima mchicha wake mwenyewe Igoma, siikubali.

Pale kisukari kinapoingia

Mgonjwa wa sukari mwenye mishipa mitatu iliyoharibika kwa urefu, au mwenye tatizo kwenye shina la upande wa kushoto kabla halijagawanyika, anaweza kuambiwa kwamba kinachomfaa ni kufunguliwa kifua na kupandikizwa mishipa ya damu. Watu wa kwetu hushtuka na kukimbilia kusema "tuwekeeni stenti tu, kisu hapana". Msikimbie. Utafiti wa FREEDOM wa 2012 uliwalinganisha wagonjwa 1,900 wa kisukari: baada ya miaka mitano, waliokufa, kupata shambulio au kiharusi walikuwa asilimia 26.6 kwa stenti na 18.7 kwa upasuaji. Upasuaji ulikuwa na viharusi vingi zaidi, hilo lijulikane. Na wale walikuwa wagonjwa waliotulia. Hawakuwa katikati ya shambulio.

Kwa hiyo kwa mwenye sukari mpangilio huwa hivi: mshipa wa leo unafunguliwa kwa tundu dogo, kisha daktari wa stenti na daktari wa upasuaji wanakaa pamoja na picha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ina wote wawili. Omba kikao hicho kifanyike kabla ya stenti ya pili kuwekwa, kwa sababu mishipa ikishajazwa stenti ndefu, kazi ya mpasuaji inakuwa ngumu. Mama mmoja wa Nyegezi niliyemsindikiza kwa simu alichagua upasuaji; alisubirishwa kwanza ili klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, iishe mwilini, siku tano au zaidi, na hakuisimamisha mwenyewe. Hospitali ndiyo iliyosimamisha. Tofauti hiyo ni kubwa.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Andika kwenye karatasi, maana ukifika mbele ya koti jeupe utasahau:

"Ni mshipa upi uliosababisha shambulio, na umefunguka vizuri?"

"Mingine ni mingapi, imebana asilimia ngapi kila mmoja, na upo ulioziba zamani?"

"Nguvu ya moyo kwenye kipimo cha eko ni ngapi, na figo zinasemaje?"

"Ukimalizia kabla hatujaondoka, kuna hatari gani kwa huyu mgonjwa, kuliko akirudi?"

Na kama ana sukari: "Mpasuaji ameona picha?"

Kuhusu gharama, uliza kabla ya mara ya pili, wakati mna utulivu: idadi ya stenti, kama ni zenye dawa, kadi ya bima inalipia nini na nini mtatoa mfukoni. Msemaji wa familia awe mmoja. Nimeona baba mkubwa anakubali, shemeji anakataa, mtoto wa kwanza yuko kwenye simu kutoka Bukoba anataka maelezo upya, na daktari ana wagonjwa wengine wanaomsubiri. Chagueni mtu mtulivu, si lazima awe mkubwa kuliko wote.

Kabla ya kuondoka

Chukua CD ya picha za mishipa na karatasi inayosema stenti iliwekwa wapi. Ikiwa kuna mshipa wa kurudia, usitoke bila tarehe iliyoandikwa. "Tutawapigia" si tarehe.

Dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na mwenzake kama klopidogreli, kwa kawaida ni miezi 12, isipokuwa daktari akupunguzie kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu. Kuziacha ghafla mwezi wa kwanza ni njia ya haraka ya kuiziba stenti mpya. Akienda kung'oa jino, amwambie daktari wa meno, na wa moyo aulizwe kwanza. Nunua za mwezi wa pili kabla za kwanza hazijaisha, hasa ukikaa visiwani. Dawa ya lehemu (kolesteroli) ni ya kila siku hata kama anajisikia mzima, na lengo la ile lehemu mbaya, LDL, ni chini ya 1.4 mmol/L. Sigara mwisho. Chumvi ya dagaa wa kukaanga mnaijua wenyewe.

Wakati anasubiri tarehe ya pili, maumivu ya kifua yakirudi akiwa amepumzika, au jasho lile na kuishiwa pumzi, tarehe haina kazi tena. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na mkabidhi muuguzi wa mapokezi ile karatasi ya stenti kabla hata hujaanza kueleza.